Kuvusha mzigo Holili na Taveta: maswali ninayoulizwa kila Ijumaa usiku

Soko la Taveta, upande wa Kenya wa mpaka, ng'ambo ya Holili ya Tanzania, hukaa Jumatano na Jumamosi. Kwa hiyo simu yangu huanza kulia Jumanne na Ijumaa usiku, na maswali ni yale yale: dada, nije na karatasi gani? Dada, wameniambia mahindi hayapiti, ni kweli? Nimevusha nyanya na vitunguu kutoka upande wa Himo miaka mingi, nusu ya kwanza kwa njia za panya, nusu ya pili kwa lango la mbele. Nimeyaandika majibu hapa ili usiku nami nilale.

Ni lazima nipite getini? Si kuna njia za mashambani ambazo kila mtu anazijua?

Kila mtu anazijua, na wanaozilinda wanazijua zaidi yako. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Siku niliyokoma nilikuwa na matenga sita ya nyanya na bodaboda wawili, saa kumi na moja alfajiri. Wa kwanza akapita. Wa pili akasimamishwa na jamaa ambaye cheo chake sikukijua, nilijua sauti yake tu. Hakuuliza mzigo unatoka wapi wala thamani yake, aliuliza nina shilingi ngapi. Nilikuwa sina za kutosha. Nikakaa juu ya tenga mpaka saa tatu, jua limepanda, nyanya za chini zimeanza kutoa maji na nzi wamepata habari. Mwishowe nikalipa nilichochangiwa kwa simu. Kufika sokoni, wanunuzi wa Voi walikuwa wameshajaza pikapu zao na kuondoka.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Bodaboda wawili kwa bei ya alfajiri, vijana wa kubeba, yule jamaa, na matenga mawili niliyoyamwagia mbuzi wa watu. Wiki iliyofuata mama mmoja tunayekaa naye jirani pale sokoni akaniambia kwamba nyanya zile zile, zikipita getini na karatasi yake, ushuru wa forodha ni sifuri. Nilidhani ananitania.

Na hiyo ni siku niliyoponea. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, inaruhusu mzigo wa magendo utaifishwe, na chombo kilichoubeba pia. Yule kijana wa bodaboda ana mkopo wa pikipiki. Mfikirie naye.

Hicho cheti cha chini ya dola elfu mbili ni kitu gani hasa?

Jina lake kamili ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ni fomu inayosema bidhaa hii imelimwa, imefugwa au imetengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya, kwa hiyo isitozwe ushuru wa forodha kama kitu kilichotoka Dubai. Masharti yake ni matatu: bidhaa iwe ya nchi za Jumuiya, iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo wako wote wa safari hiyo isizidi dola 2,000 za Marekani. Kwa viwango vya 2025 hizo ni karibu milioni 5 za Tanzania, au kama laki mbili na elfu sitini za Kenya. Ni wachache sana kati yetu tunaouza kwa matenga tunaofika hapo kwa safari moja.

Cheti hutolewa hapo hapo mpakani na forodha ya nchi unakotoka. Ni bure, tena huhitaji wakala. Nalirudia kwa sababu kuna watu pale nje wanaovaa vizuri na kushika mafaili, watakwambia bila wakala hupiti. Kwa lori la tani thelathini wana haki. Kwa matenga yako sita wanakutafutia hasara.

Unapojaza, andika kitu kwa jina lake. Usiandike "mboga", andika "nyanya, matenga 6". Usiandike "nafaka", andika "maharage, magunia 4". Thamani andika ile uliyonunulia kweli. Ukiandika ndogo mno afisa atakuuliza, na wewe ndiye utakayebabaika.

Mzigo wa dola 5,000 usiugawe kwa shangazi watatu wapite kila mmoja na kipande chake. Maafisa wameshauona mchezo huo.

Nikiwa na cheti, sitalipa chochote?

Hapa ndipo wengi wanapokuja kunigombeza. Cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. Hakifuti ada ya ukaguzi wa mimea, hakifuti kibali unachotakiwa kuwa nacho, wala hakifuti kodi za ndani kwa bidhaa zinazotozwa, kama VAT. Kwa nyanya na vitunguu fedha hizo si za kukukimbiza porini. Kwa bidhaa za kiwandani uliza kwanza.

Bidhaa gani zinakubalika?

Mazao ya shambani kama nyanya, vitunguu, ndizi na maharage yamo, pamoja na bidhaa nyingi za viwandani mwetu. Waulize pale dirishani wakuonyeshe orodha.

Mitumba haimo. Najua iliuzwa Moshi, najua uliinunua kwa mtu wa Moshi, lakini haikushonwa Moshi. Simu za China, vivyo hivyo. Bidhaa za nje hutozwa kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya, ambavyo tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35, na nyingine nyeti kama sukari hupanda zaidi ya hapo. Sukari ya magendo ndiyo inayofanya hata mwenye kilo mbili za nyumbani apekuliwe.

Nikifika pale naanzia wapi?

Zamani ulitoka Tanzania upande wa Holili, ukapanga foleni, ukapigwa muhuri, kisha ukavuka na kupanga foleni ya pili Taveta ya kuingia Kenya. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa Februari 2016 kiliondoa foleni moja. Utaratibu ni kwamba unasimama upande wa nchi unayoingia tu. Ukitoka Tanzania unapitiliza hadi Taveta, na humo ndani utawakuta Watanzania na Wakenya wamekaa jengo moja: uhamiaji wa kukutoa, uhamiaji wa kukuingiza, kisha forodha, kisha wakaguzi. Ukirudi na mzigo wa Kenya, mambo yote unayamaliza Holili.

Hali yenyewe huwa hivi. Unamsalimu afisa, anakuuliza: "Una nini, mama?" Unajibu: "Nyanya, afande, matenga sita, nimezitoa Himo." Anatazama hati yako ya kusafiria, anakupa fomu. Ukiwa hujui kuandika vizuri mwambie, kuna dawati la taarifa za biashara kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo na kazi yao ni hiyo. Mkaguzi wa mimea atataka kuona mzigo. Mfungulie tenga la chini, usimfungulie la juu ulilolipanga kwa macho. Nimeona mtu akirudishwa kwa tenga moja lenye funza chini, matano mengine yakiwa mazuri kabisa.

Cheti cha afya ya mimea kwa mazao yanayotoka Tanzania ni cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na upande wa pili wanaokagua ni KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya. Hicho usingoje Jumamosi asubuhi kukiulizia. Siku mbili kabla.

Nahitaji pasipoti?

Pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Wakenya huja wakituambia kwamba wao huenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa peke yake, na wanasema kweli: nchi hizo tatu ziliwekeana utaratibu huo 2014. Tanzania haikuingia. Kwa hiyo usisikilize mtu aliyevukia Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, akikushauri kuhusu Holili.

Mahindi yana maneno gani? Kila mwaka nasikia yamezuiwa.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yalijipanga Namanga na hapa kwetu, watu wakalala chini ya turubai. Siku chache baadaye zuio liliondolewa lakini yakaja masharti: muagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mei mwaka huo Rais Samia alipokwenda Nairobi, foleni za mahindi mpakani zilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyazungumza na Rais Kenyatta.

Wapo wanaosema sumukuvu ilikuwa kisingizio cha kulinda bei ya wakulima wa Kenya. Pengine ilikuwa na hayo pia, siasa ya mahindi ni siasa kila mahali. Lakini mimi nimeona magunia yaliyofungwa yakiwa na unyevu, yakakaa wiki mbili kwenye stoo ya bati, ukiyafungua harufu inakupiga usoni. Sumu ile haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa hakizidi asilimia 13.5. Ukiuma punje ikakatika "ka!", uko karibu. Ikibonyea, rudisha juani. Hata hivyo meno si maabara, kwa mzigo wa maana lipia kipimo.

Kingine: kutoka Tanzania unahitaji kibali cha kusafirisha mazao nje, ambacho huombwa kwa mfumo wa mtandao wa Wizara ya Kilimo. Hiki ndicho kinachowaangusha wengi kabla hata ya kufika kwenye sumukuvu.

Na kuku? Ng'ombe?

Usijaribu kwa kubahatisha. Mwishoni mwa 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitokea Kenya, na mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walioingia malishoni walipigwa mnada. Wamaasai wa pande mbili ni ukoo mmoja na majani hayajui mpaka, lakini ng'ombe alihitaji kibali cha daktari wa mifugo na hakuwa nacho. Ugomvi ule ulifika hadi kwa mawaziri. Wewe una kuku ishirini, nani atakutetea?

Mifuko ya plastiki?

Iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Chukua kikapu.

Mnunuzi wangu wa Kenya anataka aje achague vitunguu shambani mwenyewe. Kuna ubaya?

Upo, na ni mpya. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara kumi na tano, na kati ya hizo ni kununua mazao shambani. Nyingine zinazotugusa hapa mpakani ni biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa pesa kwa simu, ufundi simu, saluni, na uwakala wa forodha. Mgeni akipatikana na hatia faini inaanzia milioni 10 za Tanzania au kifungo hadi miezi sita, na kibali chake cha kukaa nchini kinafutwa. Mtanzania anayemficha naye ana adhabu yake: milioni 5 au miezi mitatu.

Kenya ililalamika, ikisema jambo hilo linakwenda kinyume cha Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010. Mimi si mwanasheria, ila nadhani wamegusa penyewe. Huwezi kutia saini kwamba watu na huduma vitembee, halafu ukataja saluni. Kwa upande wa pili namwelewa mkulima wa Rombo anayekutana na mnunuzi aliyemfuata hadi kitandani mwa vitunguu na kumnunulia kwa bei ya njaa, tena kwa lumbesa, gunia lenye kilemba juu kana kwamba kilemba hakina uzito.

Ushauri wangu: mlete sokoni, wewe ndiye uuze, uandike risiti. Shambani nenda mwenyewe.

Nipokee pesa gani?

Taveta utalipwa shilingi ya Kenya, hilo halina mjadala. Upande wa Tanzania, kuanzia mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na shilingi ya Kenya nayo ni ya kigeni, hata kama bibi zetu waliitumia Holili kama yao. Badilisha kwanza.

Kubadilisha kwa vijana wanaosimama na vibunda mkononi nakuachia dhamira yako. Wanakunja noti, wanahesabu haraka kuliko unavyoona, na ukigeuka kumwitikia mtu umekwisha. Mimi hutuma kwa simu. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana tangu 2015. Makato yapo, lakini makato huyaoni yakikimbia kwa bodaboda.

Njiani watu wa halmashauri walinidai ushuru, na Taveta kaunti ikanidai tena. Nimeibiwa?

Si lazima. Halmashauri za Tanzania hutoza ushuru wa mazao, lakini tangu mabadiliko ya 2017 mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi. Matenga sita hayafiki tani. Mwambie hivyo kwa adabu, na akishikilia mwombe stakabadhi ya mashine. Mara nyingi mashine huwa imeharibika ghafla, na wewe unapita.

Ile ya Taveta ni ada ya soko, unalipia mahali pa kukaa. Lipa, chukua risiti, itunze hadi jioni kwa sababu utaulizwa mara ya pili.

Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro na Gavana wa Taita Taveta wakikutana, sisi tunapata nini?

Hizo huitwa mikutano ya ujirani mwema, na watu huzicheka kwa sababu ya chai na mandazi. Mimi sizicheki sana, ila ni vizuri kujua nani ana uwezo gani. Gavana amechaguliwa na wananchi wake, ana bajeti na bunge la kaunti, utaratibu ulioanza 2013 chini ya Katiba ya 2010. Mkuu wa mkoa ameteuliwa na Rais na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Kwa hiyo wakikaa meza moja, mmoja anaweza kujenga soko lenye paa na vyoo, mwingine anaweza kuamuru vizuizi vya barabarani vipungue. Ushuru wa forodha, vibali vya mahindi, hati za kusafiria: hakuna kati yao anayeweza kugusa. Hayo ni ya Dodoma, Nairobi na Arusha.

Basi ukialikwa kutoa maoni usiombe waondoe VAT. Omba kivuli. Omba choo cha wanawake upande wetu. Omba vizuizi vitatu viwe kimoja. Hayo wanayaweza kwa kalamu yao wenyewe.

Liko na jambo la maji, ambalo nadhani ni kubwa kuliko nyanya. Ziwa Chala limekatwa na mpaka katikati ya kreta. Ziwa Jipe nusu liko Mwanga na nusu Taveta. Mto Lumi unaliletea maji na tope, na magugu yamelijaa. Mvuvi wa upande mmoja akitumia nyavu za matundu madogo, wa upande wa pili ndiye anayelala njaa. Nchi hizi mbili zimewekeana makubaliano ya kuyatunza pamoja, lakini magugu hayasomi makubaliano. Hapo mkoa na kaunti wanaweza kufanya kazi bila kungoja rais yeyote.

Ni kweli mpaka ulipindwa ili Kaiser apewe Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?

Si kweli, ingawa waongoza watalii wanaipenda. Mstari ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani 1886, ukipita kati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga. Wilhelm II alitawazwa 1888. Ukweli wenyewe unachosha zaidi: watu waliokuwa hawajawahi kununua ndizi Taveta waligawana ramani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na reli ya kutoka Voi ililetwa huku na Waingereza kwa ajili ya vita ile.

Mpaka unaweza kufungwa tena?

Umeshafungwa. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977 Tanzania iliufunga, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wazee hapa wanakumbuka harusi zilizokosa wajomba na mashemeji waliosalimiana kwa kupunga mkono. Mei 2020, wakati wa korona, ulifungwa kwa abiria upande wa Kenya huku madereva wa malori wakikataliwa huku na kule kwa sababu ya vipimo. Mizigo ilitengemaa baada ya mawaziri kukutana Namanga mwezi huo huo.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza. Usiweke mtaji wote kwenye matenga ya siku moja.

Nikiombwa "kitu kidogo" nikiwa na karatasi zote?

Uliza kwa sauti ya kawaida: "Afande, hiyo ni ada ya nini, na risiti yake inatoka dirisha gani?" Sema mbele ya watu, bila ukali. Akiendelea, nenda dawati la taarifa za biashara ukaandikishe. Kituo kina kamati ya pamoja ya maafisa wa nchi mbili, na vikwazo vya namna hiyo vina sheria yake ya Jumuiya, ya 2017. Andika tarehe, saa na dirisha. Mama mmoja wa kwetu aliandika nyuma ya kanga yake kwa kalamu ya wino, na maandishi yale yakamsaidia.

Nikikwama Jumamosi asubuhi, nikupigie?

Usinipigie. Jumamosi asubuhi niko Taveta, mikono ina maji ya nyanya. Njoo upande wa wauza vitunguu, uliza dada wa Himo mwenye mwavuli wa bluu.